Yavunje mayai yaliyobaki kwenye mashine

Asubuhi ya siku ya 22 nilikuwa na vifaranga 19 ndani ya boksi na mayai 37 yaliyokaa kimya kwenye mashine ya kutotolesha. Niliingiza 56. Aliyeniuzia mashine alinihakikishia kwamba inatotoa kwa asilimia 98, nami nilikuwa nimeshaanza kupiga hesabu ya banda jipya. Nikamwita mama jirani, anayefuga kuku tangu mimi sijaanza shule, nimwonyeshe jinsi nilivyouziwa mashine mbovu. Mashine hata hakuiangalia. Aliuliza tu, "Mwanangu, umeyavunja?"

Sikuwa nimeyavunja. Nilitaka kuyafukia kabla hayajaanza kunuka. Tukakaa nyuma ya nyumba na ndoo, kijiko na daftari, tukaanza kuyafungua moja moja kwa ule upande butu, yeye akitazama na mimi nikiandika. Kazi ilichukua kama saa nzima, na karatasi ya maelekezo iliyokuja na mashine haikuwa na hata robo ya niliyojifunza pale. Mayai 14 hayakuwa na kifaranga wala damu. Sita yalikuwa na pete nyembamba ya damu. Mawili yalikuwa na kiinitete (kifaranga anayeanza kuumbika) cha ukubwa wa kidole gumba, kilichofia katikati ya safari. Kumi na moja yalikuwa na vifaranga kamili wenye manyoya, wamelowa chepechepe, ambao hawakuwahi hata kudonoa ganda. Manne ya mwisho yalikuwa yametobolewa kwa mdomo, kisha kifaranga akakwama na kukauka.

Kila kundi lilikufa wakati wake na kwa sababu yake. Anayeanza kutotolesha nyumbani huuliza kwanza ni mashine gani nzuri, na mimi nilianza hivyo hivyo. Siku hizi namwambia kila anayeniuliza kwamba mashine yoyote yenye joto lisiloyumba itamfaa, ila ajifunze kusoma mayai yaliyobaki, maana humo ndimo majibu yalimo.

Kumi na manne yasiyo na kitu

Yai likibaki bila kitu ndani baada ya siku 21, dhana ya kwanza ni kwamba halikuwa na mbegu. Mbegu haiingii kwenye yai lenye ganda. Jogoo humpanda mtetea, na mbegu yake hukutana na kiini juu kabisa ya mrija wa mayai, kabla ute na ganda havijakizunguka. Kuku ana vijifuko vidogo ndani ya mrija huo vinavyoitunza mbegu ikiwa hai kwa wiki mbili, pengine zaidi. Ndiyo sababu mtetea aliyetengwa na jogoo leo bado anataga mayai yenye mbegu wiki ijayo. Ndiyo sababu pia, ukibadilisha jogoo ili upate uzao bora, mayai ya wiki mbili tatu za mwanzo yanaweza kuwa bado ni ya jogoo wa zamani.

Mimi nilikuwa na mitetea 23 na majogoo wawili, mmoja amezeeka na anachechemea. Jogoo mmoja mwenye nguvu anatosha mitetea 8 hadi 10. Hesabu yangu ilikuwa imeshapungua kabla sijagusa swichi. Na kwa wanaofikiria kununua mayai: yale ya trei ya dukani kwa kawaida hutoka kwa kuku wa mayai wanaofugwa bila jogoo kabisa. Mayai ya kuku wa aina ya kroila au saso yenye mbegu yatatotoa, lakini vifaranga hawatafanana na wazazi wao, kwa kuwa wazazi wenyewe ni chotara.

Mama jirani, hata hivyo, hakukubali kuyaita yote 14 "hayana mbegu". Kwenye matano alinionyesha doa la rangi ya maziwa lililotanda juu ya kiini, upana wake kama sarafu. Hayo yalikuwa na mbegu. Yalianza kukua siku ya kwanza au ya pili, yakafa, na kwa kuwa damu ilikuwa haijajitokeza, ukiyamulika kwa tochi siku ya saba huwezi kuyatofautisha na mayai matupu.

Kilichoyaua ni uhifadhi. Yai lenye mbegu hukaa takriban siku nzima ndani ya mwili wa kuku wenye joto la nyuzi 41 kabla ya kutagwa, kwa hiyo linapotua kwenye kiota lina maelfu ya seli tayari. Likipoa hadi chini ya nyuzi 21 hivi, ukuaji husimama na seli hizo hupumzika. Hapa Tanga chumba changu huwa na nyuzi 29 hadi 30 mchana. Joto hilo ni dogo mno kukuza kiinitete sawasawa, na ni kubwa mno kukiacha kipumzike. Mayai niliyoyakusanya juu ya kabati kwa siku kumi na mbili, nikisubiri trei zijae, yalikuwa yanakua kwa kusuasua na kuchoka. Mahali pazuri ni penye nyuzi 15 hadi 18, na siku zisizidi saba. Friji la nyumbani lina baridi kupita kiasi. Kwa sisi wa joto, chumba cha ndani chenye sakafu ya saruji, karibu na mtungi wa maji, kinasaidia, lakini dawa halisi ni kupunguza siku: bora kuingiza mayai 30 ya siku tano kuliko 56 ya siku kumi na mbili.

Hapo ndipo ile asilimia 98 inapopata maana yake. Wauzaji wengi huhesabu vifaranga juu ya mayai yenye mbegu tu, tena mayai bora katika mazingira bora. Mfugaji huhesabu juu ya mayai yote aliyoingiza. Mimi nilipata 19 kati ya 56, yaani asilimia 34. Ukiyatoa tisa yasiyo na mbegu, kati ya 47 yenye mbegu ni asilimia 40. Ukitajiwa asilimia, uliza kwanza ni asilimia ya mayai gani.

Pete ya damu

Moyo wa kifaranga huanza kupiga mwishoni mwa siku ya pili. Kufikia siku ya nne mishipa imetambaa juu ya kiini kama utando wa buibui, na ukimulika kwa tochi ya simu iliyozibwa na kadibodi yenye tundu utaiona vizuri ikiwa ganda ni jeupe. Kiinitete kikifa katika siku hizo, damu hurudi pembeni na kuacha pete nyekundu. Ukiona pete, jua kifo kilikuwa kati ya siku ya pili na ya nne au tano, na mtuhumiwa wa kwanza ni joto.

Mashine yenye feni hutakiwa kukaa kati ya nyuzi 37.5 na 37.8. Isiyo na feni hutakiwa kusoma juu kidogo, nyuzi 38.3 hadi 38.9, kipimo kikiwa usawa wa migongo ya mayai, kwa sababu humo hewa ya moto hupanda na ya baridi hukaa chini. Watu huchanganya namba hizi mbili, na tofauti hiyo ya nyuzi moja inatosha kuua. Misri, ambako wametotolesha mayai kwenye tanuri za udongo tangu kale, wahudumu walikuwa wakilichukua yai na kuligusisha kwenye kope ya jicho kupima joto lake. Sisi tunaamini kioo cha mashine kinachoandika 37.7, na kioo hicho hudanganya.

Changu kilidanganya. Nunua kipimajoto cha homa kwenye duka la dawa, kile cha kidijitali, kwa sababu kimetengenezwa kuwa sahihi katika nyuzi hizi hizi. Weka kikombe kidogo cha maji chenye mfuniko katikati ya trei tangu jioni. Asubuhi fungua haraka na uchovye kipimajoto. Maji yangu yalisoma 38.6 wakati kioo kinasema 37.7. Kwa karibu nyuzi moja ya ziada viinitete dhaifu hufa mapema, na walio imara huanguliwa kabla ya wakati. Nilipokumbuka kwamba vifaranga wangu wa kwanza walitoka siku ya 19 usiku, nikaelewa kwamba hiyo ilikuwa dalili. Joto likiwa pungufu huwa kinyume: wanachelewa hadi siku ya 22 au 23, wazito na walegevu.

Joto la kuzidi ni hatari kuliko la kupungua, na hili linatuliza roho umeme unapokatika. Kuku mwenyewe huondoka kwenye kiota kila siku kwenda kula na kunya, mayai yakapoa. Umeme ukikatika saa mbili tatu katika wiki mbili za mwanzo, acha mfuniko umefungwa, tandika blanketi juu, na mara nyingi utapoteza saa chache tu za kuangua. Kukatika kwa siku za mwisho kunataka akili nyingine. Vifaranga wakubwa wanazalisha joto lao wenyewe na wanahitaji hewa. Feni ikisimama na wewe ukaziba matundu kwa blanketi, watakufa kwa kukosa pumzi na kupata joto kupita kiasi. Hapo acha matundu wazi.

Nilikuwa na kosa la pili: nusu ya mayai yaliletwa kwa bodaboda kutoka shamba, nami nikayaingiza kwenye mashine jioni ile ile. Mayai yaliyotikiswa yapewe nusu siku hadi siku nzima ya kutulia, ncha iliyochongoka ikiwa chini, ili mfuko wa hewa ulio upande butu urudi mahali pake.

Yale mawili yaliyofia katikati hayakunisumbua. Vifo vya kati ya siku ya 7 na ya 17 ni vichache kwa kawaida, na vikizidi angalia chakula cha wazazi, hasa vitamini B2, maana mtetea anayeokoteza pumba peke yake anataga yai lisilo na akiba ya kutosha. Angalia pia kama mota inageuza. Yai hugeuzwa ili kiinitete kisigande kwenye utando wa ganda na ili mishipa isambae pande zote, na wiki ya kwanza ndiyo muhimu kuliko zote. Mota nyingi hugeuza kila saa moja au mbili. Kwa mkono, geuza mara tatu au tano kwa siku. Idadi isiyogawanyika kwa mbili husaidia upande uliolala usiku usiwe ule ule kila siku.

Wale waliolowa

Hawa 11 ndio walioniumiza. Walikuwa wakubwa, wazima, wamekamilika kila kitu. Wafugaji wengi wa pwani hupoteza vifaranga hivi bila kujua, kwa kufuata maelekezo ya karatasi neno kwa neno.

Ganda la yai lina vitundu vidogo mno, kwa maelfu, vingi zaidi upande butu. Kupitia humo hewa safi huingia, hewa chafu hutoka, na maji hutoka kama mvuke. Maji hayo lazima yatoke. Kufikia siku ya 18 yai linatakiwa liwe limepoteza kati ya asilimia 11 na 14 ya uzito wake wa mwanzo, na nafasi iliyoachwa hugeuka kuwa mfuko wa hewa mkubwa upande butu. Kifaranga huvuta pumzi yake ya kwanza ndani ya mfuko huo, kabla hajatoboa ganda. Maji yasipotoka ya kutosha, mfuko hubaki mdogo, kifaranga huvimba, hukosa nafasi ya kugeuza shingo, na anapojaribu kupumua hukutana na majimaji. Ukimfungua utamkuta kama nilivyowakuta mimi.

Karatasi ya mashine iliandika: jaza maji mifereji yote miwili tangu siku ya kwanza. Haikujua kwamba naishi Tanga na kwamba ni mwezi wa masika.

Hewa ya moto hubeba mvuke mwingi kuliko hewa ya baridi, kwa hiyo unyevu tunaosoma kwa asilimia hushuka hewa inapopashwa ingawa maji yake hayajapungua. Hewa ya chumba changu ilikuwa na nyuzi 28 na unyevu wa asilimia 80. Ukiipasha hadi nyuzi 37.7 ndani ya mashine, bila tone la maji, unyevu unakuwa kama asilimia 46. Lengo la siku 18 za kwanza ni asilimia 50 hadi 55. Pwani wakati wa mvua mashine kavu karibu inafikia lengo yenyewe. Mifereji miwili ya maji inalivuka mbali. Sasa chukua hewa ya mchana wa kiangazi Dodoma, nyuzi 27 na unyevu wa asilimia 40. Ikipashwa hadi 37.7 inabaki na asilimia 22 tu. Mtu wa Dodoma akiiga ninavyofanya mimi atakausha mayai yake, mfuko wa hewa uwe mkubwa kupita kiasi na vifaranga watoke wadogo, wamegandwa na utando. Mashine ni ile ile na mayai yanaweza kuwa ya banda moja, lakini maji ni tofauti kabisa. Nyanda za juu kama Iringa, Mbeya na Nairobi zina jambo lingine: hewa yake ni nyepesi, mvuke hutoka haraka zaidi, na oksijeni ni pungufu, hivyo matundu ya hewa yafunguliwe zaidi siku za mwisho.

Kipimaunyevu cha bei rahisi huwa na makosa kuliko hata kipimajoto, kwa hiyo mimi nimehamia kwenye mizani ya jikoni. Chagua mayai kumi, yatie alama ya penseli, yapime kwa pamoja. Tuseme ni gramu 500. Siku ya 7 yawe kama 475, siku ya 14 kama 450, siku ya 18 kama 435. Yakiwa mazito kuliko hapo, punguza maji au fungua matundu zaidi. Yakiwa mepesi, ongeza maji. Bibi yangu hakuwa na mizani, lakini kuku wake alilalia mayai kwenye kikapu kilichowekwa juu ya majivu makavu, naye alikihamisha msimu ukibadilika. Nadhani alikuwa anafanya kazi hii hii.

Waliokwama mlangoni

Siku ya 18 mambo mawili hubadilika: kugeuza kunasimama, na unyevu unapandishwa hadi asilimia 65 au 70. Kifaranga sasa ameuingiza mdomo chini ya bawa la kulia, akielekea kwenye mfuko wa hewa. Anautoboa utando, anapumua, na ukiweka sikio utamsikia analia ndani. Kisha analidonoa ganda kwa kile kijino kigumu kilicho juu ya mdomo, anafanya tundu dogo, na anatulia.

Kutulia huku ndiko kunakowaponza watu. Kunaweza kuchukua saa 12 hadi 18, na mtu anayetazama kwenye kioo huamini kifaranga amechoka. Anafanya kazi kubwa: mishipa ya damu iliyotanda chini ya ganda inarudisha damu mwilini, na mabaki ya kiini yanavutwa tumboni kupitia kitovu. Ukimbandua ganda kabla hayo hayajaisha, atatokwa damu. Mwache. Akimaliza atazunguka, akate ganda kama anafungua kopo, na atoke.

Mimi sikubandua ganda la mtu. Kosa langu lilikuwa kufungua mfuniko kila kifaranga alipotoka, ili nimtoe akaone dunia, na nilifungua kama mara sita usiku ule. Kila mara hewa ya moto yenye asilimia 70 ilitoka na ya chumba ikaingia, ambayo ikipashwa, kama tulivyoona, haifiki hata asilimia 50. Utando wa ndani ya tundu ulikauka na kuwabana wanne wale kama karatasi iliyolowa gundi. Vifaranga waliokwisha kutoka hawakuwa na haraka yoyote: kiini walichokimeza kwa kitovu kinawatosha kwa siku mbili hata tatu, kwa hiyo wanaweza kukauka ndani ya mashine hadi saa 24. Siku hizi nafungua mara moja tu, na trei naitandika kitambaa cha katani, maana plastiki inateleza na kuwatanua miguu.

Siku zote nilizotaja ni za kuku. Kware huchukua siku 17 au 18, kanga 26 hadi 28, bata mzinga 28, na yule bata wa kienyeji mwenye nyama nyekundu usoni hufika hata 35. Usiwachanganye kwenye mashine moja, kwa kuwa wakati mmoja anahitaji unyevu mwingi mwingine atakuwa bado anatakiwa kupoteza maji. Njiwa waache kabisa, kinda lao hulishwa maziwa ya koo na wazazi.

Mzunguko wa pili niliingiza mayai 56 tena, yote ya siku sita au chini yake, jogoo mzee akiwa amebadilishwa mwezi mmoja kabla. Nilishusha joto kwa kufuata kipimajoto cha homa, na sikuweka maji hadi siku ya 18. Mayai manane hayakuwa na mbegu. Vifaranga walikuwa 37. Mama jirani alikuja na kigoda chake bila kuitwa, tukayavunja yale 11 yaliyobaki. Hakukuwa na aliyelowa hata mmoja. Watano walikuwa wamelaza kichwa kwenye ncha iliyochongoka, mbali na mfuko wa hewa. Niliyapanga mayai hayo usiku umeme ukiwa umekatika, na baadhi niliyasimamisha juu chini. Sasa nayapanga mchana.